Nauza Matangi Mbooni Bila Kupanda Kilima

Mama Kalekye, kabla hujaanza kunikaripia kwenye safu yako ya gazeti, maana najua utanikaripia, naomba unisome mpaka mwisho kwa sababu naandika haya kwa furaha na kwa hofu, vyote viwili, na sijui nianze na kipi, lakini acha nianze na furaha kwa sababu ndiyo nyingi. Jumamosi hii napewa zawadi. Duka la mtandaoni ninalouzia matangi ya maji limenichagua ejenti bora wa Kitui na Makueni yote, wamekodi ukumbi hapa Kitui mjini, kutakuwa na pilau na keki, nimeshonesha nguo ya kitenge, mama yangu anatoka Kalamba na kina mama wenzake wa kanisa, na meneja wetu Tariq alinipigia simu yeye mwenyewe akasema, "Dada, hongera sana. Tunataka usimame utueleze siri yako. Unauzaje matangi mengi hivyo Mbooni na hatujawahi kusikia umepanda vilima vya kule kutafuta wateja?" Nikacheka, nikamwambia ni Mungu tu, nikakata simu haraka.

Acha nikueleze kazi yenyewe maana si kila mtu anaijua. Ejenti wa mtandaoni hana duka wala mzigo. Duka linakupa linki yako, unaituma kwa watu, mtu akiibonyeza anaingia dukani kwa simu yake, na duka linaacha alama ndogo ndani ya ile simu, wanaiita kuki, ya kukumbuka kwamba huyu ameletwa na fulani. Alama inakaa mwezi mzima. Akinunua leo au wiki ijayo, duka linaangalia alama na kamisheni inakuja kwako, na bei ya mteja haiongezeki hata shilingi. Lakini kuna sheria moja: simu ikiwa na alama za watu wawili, ya mwisho kuingia ndiyo inashinda. Naomba uishike hiyo, Mama, kwa sababu shida yangu yote inatoka hapo.

Sasa mimi nina ukurasa wangu wa nyimbo. Nyimbo za kanisa za Kikamba, maneno yote, ubeti kwa ubeti, bure, kwa sababu vitabu vimepotea na simu ziko. Niliuanza na rafiki yangu, nimwite Kaveke, majina yote hapa nimebadilisha. Yeye ndiye kiongozi wa kwaya, anajua beti ambazo hata wazee wa kanisa wamezisahau, tulikaa kwao Mbooni yeye akiimba mimi nikichapa, nikikosea neno ananipiga kofi la mkono, tunacheka, tunaanza upya. Na ukurasa ulishika mpaka nikaogopa. Watu wanaimba kutoka kwenye simu mazishini, harusini, kwenye ibada za nyumbani, huku Kitui mpaka Mwingi. Nikipita sokoni nikisikia mtu anaimba ubeti wa tatu bila kuugugumia, najua huyo ametoka kwangu, na moyo unaruka.

Basi fundi mmoja wa simu hapa mjini, Gedion, akaniambia nimelalia mali. Akasema si lazima mtu abonyeze linki ndio uhesabiwe. Unaificha ndani ya ukurasa, haionekani, na mtu akifungua wimbo tu, alama ya duka inaingia kwenye simu yake kama vile amebonyeza. Nikamuuliza, "Na wakijua?" Akasema, "Watajuaje? Ukila na kipofu usimshike mkono. Hii kitu watu wanafanya kila mahali." Nikamwachia akaiweka. Sikufikiria sana, nasema ukweli, niliona labda mtu mmoja mmoja atanunua mfereji au bomba nami nipate bando.

Mama Kalekye, iliingia kama mvua ya Novemba. Simu inalia: hongera, umeuza tangi. Bado nachambua maharagwe, inalia tena. Nilikuwa naruka peke yangu jikoni, nimeshika mwiko, naimba. Na mengi yalitoka Mbooni, nami nikasema Mungu amemkumbuka mtu wake.

Kaveke naye ni ejenti, mimi ndiye niliyemwingiza. Lakini yeye hauzi kama mimi. Anapanda vile vilima, boda ikishindwa anashuka anatembea, anaenda kwa vikundi vya mwethya, wale kina mama wanaosaidiana kulima na kuchanga, anakaa nao, anaangalia paa la kila nyumba, anawaambia hili halishiki mfereji wa maji ya mvua, hili liko sawa, tangi likae hapa na chini pasawazishwe kwanza ama litapasuka. Halafu anamtumia katibu wa kikundi linki yake, katibu anabonyeza, wanachagua tangi wanaliacha kwenye kikapu cha duka, wanaenda kuchanga. Na kamisheni haikuwa inakuja kwake. Aliniambia, "Mimi sijui nakosea wapi. Matangi naona kwa macho yangu imesimama, lakini kwangu hakuna kitu. Labda ni network ya huku." Nami nikamwambia pole, labda ni network.

Naapa wakati huo sikujua. Nilijua mwezi uliopita, Kaveke aliponialika kwenye kikundi chao siku ya kununua tangi. Kina mama walikuwa na leso mpya, wengine wamekuja na watoto mgongoni, furaha tupu, maana tangu wazaliwe wanateremka bondeni na mitungi na leo maji yanakuja nyumbani. Wewe unajua desturi yetu, pesa ya kikundi haiguswi kabla ya wimbo na maombi. Katibu wao, Mutindi, akatoa simu ya kikundi, akasema, "Tuimbe kwanza ndio tununue." Akafungua ukurasa wangu. Yale maandishi ya kuuliza kama unakubali kuki yakatokea, akabonyeza Kubali bila kusoma. Nikamuuliza kwa utani mbona hasomi. Akaniambia, "Aiya, mwaitu, mama yangu, si ni wimbo? Nani anaweza kataa wimbo?"

Wakaimba. Kaveke aliongoza, na waliimba vizuri mpaka nikalia. Wakaomba. Kisha Mutindi, kwa simu ileile, akaenda moja kwa moja kwenye kikapu akalipa. Vigelegele vikapanda, wakamnyanyua Kaveke juu, wanacheza naye, na simu yangu ikatetemeka mfukoni. Hongera, umeuza tangi. Kaveke walipomshusha akatoa simu yake akaiangalia. Akaizima akaiwasha. Akaniona ninamtazama, akatabasamu, akasema, "Si kitu. Bora maji watapata."

Nikaelewa yote nikiwa nimesimama pale. Kila kikundi huimba kabla ya kulipa. Wimbo ndio kitu cha mwisho kufunguliwa kabla ya duka, kwa hivyo alama yangu inakuja juu ya yake kila mara, na nyimbo zenyewe ni yeye alinipa. Na naona aibu kukuambia hili lakini nakuambia: nikirudi Kitui bado nilikuwa na furaha. Haikutoka. Mimi shuleni sikuwahi kuitwa mbele kupewa hata kalamu, na sasa kuna ukumbi na keki yenye jina langu.

Shida ni kwamba Tariq amesema hiyo Jumamosi wale maejenti ambao hawajauza watatolewa, na Kaveke ni mmoja wao. Yeye bado hajaambiwa. Amealikwa kama wengine, na ameniambia, "Nitakaa mbele nikusikize vizuri. Labda hapo nitajua nakosea wapi." Mama, hayo maneno yananifuata kila mahali.

Nimefikiria nikae kimya Jumamosi ipite, halafu niwe namtumia Kaveke kitu kidogo kwa simu kila mwezi, nimwambie ni zawadi. Kwa sababu ukiangalia, kina mama wana maji, duka limeuza, hakuna aliyelipa zaidi, sasa nimemwibia nani hasa? Tafadhali nijibu Alhamisi hii, usiniweke kwenye foleni. Safu yako hainipiti, na Kaveke ndiye zaidi, kila Alhamisi baada ya kazi huwasomea kina mama wa kikundi kwa sauti, anaiga sauti yako ukigomba mpaka watu wanashika mbavu.

Wako,
Mwenye Furaha Isiyotulia, Kitui


MAMA KALEKYE AJIBU

Mwanangu, barua yako nimeisoma nimesimama, na chai ikapoa mkononi. Nimekasirika nawe na nimekupenda, kwa hiyo vumilia vyote viwili.

Nianze na ulipomalizia. Umeuliza umemwibia nani hasa, na wewe mwenyewe umenitajia jina lake, umeniambia anavyopanda, anavyoangalia mapaa, anavyoizima simu na kuiwasha. Mtu asiyejua aliyemwibia hawezi kumweleza vizuri hivyo. Kabla ya siku ile ya tangi ulikuwa mjinga wa Gedion, nakubali. Baada ya siku ile mwezi mzima umepita na simu yako imeendelea kulia hongera. Huo mwezi si wa Gedion.

Usije ukadhani nina ugomvi na kuki. Mimi mwanamke wa kisasa, nanunua kwa simu. Mtu akibonyeza linki yako akijua ni yako, na umemwambia wazi kwamba akinunua kuna kitu unapata, hiyo ni kazi halali na ule kwa amani. Dalali wa mbuzi hapo Kitui hulipwa na hakuna anayemwita mwizi, kwa sababu muuzaji anamwona, mnunuzi anamwona, na kelele zake zinasikika mpaka barabarani. Wewe ni dalali uliyejificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Mbuzi ameshauzwa na mwenzako, umetoa mkono tu, ukapokea.

Na huku kwetu hatuhitaji kufundishwa haya na mtu wa kompyuta. Mzinga wa nyuki hutundikwa porini, mbali na nyumba, una alama ya mwenyewe, na mwenyewe anarudi kwake bila wasiwasi kwa sababu hata mtu mwenye njaa akiiona ile alama anaendelea na safari. Babu zako waliheshimu alama ya mtu asiyekuwepo. Wewe umechonga yako juu ya ile ya rafiki yako, halafu ukamwambia pole, labda ni network.

Lakini ulichoniudhi nacho zaidi ni Mutindi. Nani anaweza kukataa wimbo? Maneno hayo nimeyarudia nikiosha vyombo. Yule mama alibonyeza Kubali kwa sababu mbele yake kulikuwa na jina la Mungu, na wewe ukamtania mbona hasomi, hali ukijua kwamba hata angesoma kila neno asingekuta linki yako pale. Kukubali gani huko? Mtu hukubali kitu alichoonyeshwa. Alionyeshwa wimbo, akapewa wimbo na mzigo wako juu yake, na simu yenyewe si yake, ni ya kikundi kizima.

Na duka pia unalidanganya. Tariq anaamini matangi ya Mbooni yanauzwa na mtu aliyekaa Kitui. Kwa hesabu hiyo anamwondoa anayepanda na kumpa keki asiyepanda. Haya, Kaveke akiondoka, ni nani atakayewaambia kina mama wasawazishe chini kwanza? Tangi litapasuka na maji ya mwaka yatateremka bondeni, na wewe utakuwa umeshika cheti. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao hapa ni kina mama waliokuliza kwa wimbo.

Hiyo habari ya kumtumia kitu kidogo kila mwezi ukimwambia ni zawadi, itoe kichwani leo. Utakuwa unampa sadaka kwa jasho lake mwenyewe, naye atakuombea baraka kwa magoti. Unaweza kuzipokea hizo baraka? Mimi nisingeweza.

Furaha yako lakini siilaumu, na usione aibu nayo. Hapo pa kalamu nimepasoma mara mbili. Kuna watu wengi hawakuitwa mbele, na ukumbi ukitengenezwa kwa ajili yao mara moja, si rahisi kuukataa. Ila sikiliza: kuna kitu chako cha kweli hapa na hukioni kwa sababu ya keki. Umefanya watu wa Kitui na Mbooni waimbe ubeti wa tatu tena. Hilo halikufanywa na kuki wala Gedion. Lilifanywa na wasichana wawili wakichapana makofi ya mkono. Ukinipa ukumbi, hilo ndilo ningelipigia makofi, na ningewaita mbele wote wawili.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa Gedion asubuhi hii, mwambie aitoe hiyo linki ukiwa umesimama hapo, kisha fungua wimbo kwa simu ya mtu mwingine muone wote wawili kwamba haipo. Usiondoke kwa maneno ya nimeshatoa. Halafu mpigie Tariq kabla ya Jumamosi, si baada. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, mwambie arudishe nyuma kila kamisheni iliyotoka kwenye nyimbo na aangalie alama iliyokuwepo kabla ya yako. Kama mitambo yao haiwezi kuonyesha, vikundi vyenyewe vinaweza, kina mama wanajua ni nani aliyekaa kwao akaangalia paa. Zawadi mwachie yeye aamue, usimwombe wala usimlilie. Anaweza kukufukuza kazi. Ikiwa hivyo, utatoka kwa mlango na watu watakusalimia barabarani.

Ukurasa usiufunge, tafadhali, tunauhitaji. Ukitaka kuuza, weka linki yako chini ya wimbo mahali pa wazi, kwa maandishi ambayo mama aliyesahau miwani atayasoma: ukibonyeza hapa ukanunua, mimi napata kitu. Anayetaka abonyeze, asiyetaka aimbe tu. Na juu ya ukurasa andika jina la aliyekupa nyimbo. Lile la kweli, si Kaveke.

Na hapo ndipo nakuja kwenye jambo lililonifanya nisimame na chai. Umebadilisha majina, sawa. Lakini hukubadilisha tangi, hukubadilisha wimbo kabla ya malipo, wala kofi la mkono, wala simu iliyozimwa na kuwashwa. Nimejaribu kuyabadilisha mimi, nikaona barua inabaki tupu, na wewe uliomba ujibiwe Alhamisi hii bila kukosa. Alhamisi ndiyo leo. Umeandika siri yako ukaituma kwenye safu ambayo rafiki yako huwasomea kina mama kwa sauti. Ama hukufikiria kabisa, mwanangu, ama ndani yako kuna mtu aliyefikiria vizuri sana na amechoka kungoja.

Gazeti hufika Kitui asubuhi. Mbooni hufika mchana, na kikundi hukutana baada ya kazi, wewe mwenyewe umesema. Kwa hiyo ukitoka kwa Gedion usirudi nyumbani kubadilisha nguo. Panda kile kilima. Usimwandikie ujumbe, usimpigie simu, fika mbele yake. Ukichelewa, Kaveke atasimama katikati ya kina mama, ataanza kuiga sauti yangu, watu wataanza kucheka, na atafika pale kwenye tangi na wimbo, na sauti itamkatika mbele ya Mutindi na wengine wote.

Gedion alikufundisha kwamba ukila na kipofu usimshike mkono. Kwa barua hii umeshamshika. Kimbia ufike, umwambie huo mkono ni wako.